Taka ya Lango Moja, Malighafi ya Lango Jingine: Viwanda Vinavyofaana na Maisha ya Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi hauanzii Magomeni. Huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukashuka kupitia Vingunguti na Tabata, ukapokea vijito vinavyotoka pande za Ubungo, Sinza na Tandale, na ndipo unapofika Kigogo, Magomeni na Jangwani kabla ya kuingia baharini penye Daraja la Selander. Maji yanayopita karibu na nyumba za waamini wa Magomeni Suna na Mkwajuni yamekwisha kupita mbele ya malango mengi: machinjio, viwanda vya nguo na vya vyakula, gereji, masoko, mashine za kusaga. Kila lango limeongeza kitu chake, na mkazi wa bondeni ndiye anayepokea jumla.

Jumla hiyo imekwisha kupimwa. Uchunguzi wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta ndani yake metali nzito kama risasi na kadimiamu. Mchicha hauna namna ya kukataa kilichomo katika maji unayonyweshwa. Kisha ikaja Desemba 2011, mvua kubwa ikanyesha kwa siku tatu, bonde likajaa, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini, na familia nyingi za bonde hili zikahamishiwa Mabwepande mwanzoni mwa mwaka 2012. Mvua ndiyo iliyoleta mafuriko yale, wala hatuwezi kuzitupia taka lawama yote. Lakini mto uliojaa mchanga, plastiki na uchafu hauna tena nafasi ya kubeba maji yake, na karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani imeliona jambo hilo mara nyingi tangu mabasi yaanze safari mwaka 2016.

Kwa miaka mingi jibu la jiji letu kwa taka limekuwa ni kuzihamisha. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kudai jalala lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu lifungwe, na wakashinda. Jiji lilipoanza kumwaga taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu na mwaka 1991 wakapata amri ya kusimamisha zoezi hilo. Jalala likahamia Vingunguti, pembeni kabisa mwa bonde la Msimbazi. Baadaye likahamia Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, ambako ndiko uliko mwanzo wa maji. Yeyote anayeifuata historia hii kwenye ramani ataona kwamba taka za Dar es Salaam zimezunguka mji mzima na kurudi kwenye chemchemi ya mto uleule. Aliyepata nafuu aliipata kwa sababu jirani yake ameanza kuteseka.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, ambayo haianzii jalalani. Inaanzia kwenye lango la kiwanda, kwa swali moja tu: je, hiki kinachotupwa hapa hakihitajiki na mtu mwingine karibu?

Katika elimu ya viumbe kuna hali ambayo viumbe viwili vya aina tofauti huishi pamoja kwa kupeana. Mizizi ya kunde hubeba vijidudu vidogo mno. Mmea huvipa chakula, navyo huupa mmea naitrojeni vinayoivuta kutoka hewani. Wataalamu walichukua mfano huo wakauhamishia katika uchumi. Tunaweza kuuita kufaana kwa viwanda: kiwanda kimoja kinatoa mvuke, majivu, maji ya moto, makapi au maganda ambayo kwake ni taka na gharama, na kiwanda kingine kinayapokea kama nishati, chakula cha mifugo, mbolea au malighafi ya ujenzi. Kufaana huku ni tofauti kidogo na urejelezaji tuliouzoea. Chupa ya plastiki hurejelezwa baada ya mtumiaji kumaliza maji yake, ikiwa imekwisha kuzagaa kila mahali. Mabaki ya kiwanda hutoka mahali pamoja, kwa wingi, kila siku, na mara nyingi yakiwa ya aina moja. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kuyakamata kabla hayajawa uchafu.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili waziwazi katika Waraka wake wa Laudato Si', alioutia saini tarehe 24 Mei 2015, juu ya utunzaji wa nyumba ya wote. Katika aya ya 22 anaeleza jinsi mimea inavyowalisha wanyama walao majani, nao wakawalisha walao nyama, na jinsi mabaki ya wote hao yanavyorudi udongoni kulisha mimea mipya. Kisha anasikitika kwamba mfumo wetu wa viwanda, kinyume na uumbaji, haujajenga uwezo wa kuyameza na kuyatumia tena mabaki yake mwenyewe mwishoni mwa uzalishaji. Inafaa kuangalia kwamba Baba Mtakatifu hasemi viwanda ni vibaya. Anasema kazi yao haijakamilika, maana mtambo uliosanifiwa kutoa bidhaa bila kusanifiwa kushughulikia masalia yake ni mtambo nusu.

Mfano unaotajwa mno duniani ni mji mdogo wa Kalundborg, katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Zealand nchini Denmark. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji maji mengi, na ili kisimalize maji ya ardhini, bomba likavutwa kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda cha bodi za jasi kilijengwa jirani, kikaanza kutumia gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kikiichoma bure angani. Baadaye kituo cha umeme cha Asnæs kikaanza kupeleka mvuke wake katika nyumba za mji na katika viwanda vya karibu. Kituo hicho kilipofungiwa mitambo ya kusafisha moshi, kazi ya usafishaji ikazaa jasi. Na jasi hiyo, badala ya kufukiwa, ikapelekwa kwa jirani yuleyule wa bodi. Mashamba ya eneo lile yakapokea mabaki ya kiwanda cha dawa kama mbolea. Hakuna wizara iliyopanga mambo hayo yote. Wakuu wa viwanda vile walifahamiana, mji ukiwa mdogo, wakaandikiana mikataba wawili wawili, kila mmoja akitafuta faida yake, na baada ya karibu miaka 30 ndipo watu walipotazama nyuma na kugundua kuwa wamejenga kitu chenye jina.

Msomaji wa Magomeni anaweza kusema kwamba Denmark ni mbali na mambo yao si yetu. Twende basi Tanga.

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zaidi ya 230,000 za nyuzi. Wazee waliofanya kazi katika mashamba yale wanaijua korona, mashine inayolisaga jani la mkonge na kulikwangua nyama yake ili nyuzi zibaki. Jambo ambalo halikusemwa sana nyakati zile za fahari ni kwamba katika kila kilo 100 za mkonge uliovunwa, nyuzi zilizopatikana zilikuwa kilo chache mno, pengine mbili hadi nne. Zilizobaki zote zilikuwa maji na rojo la kijani, nazo zilisukumwa kwa maji mengi nje ya kiwanda, zikarundikana na kuoza, au zikatiririka mitoni. Rojo hilo ni chungu, lina tindikali, na linapooza ndani ya maji hula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Kwa hesabu hiyo, zao lililoitwa dhahabu ya kijani lilikuwa, kwa uzito, zao la taka lenye nyuzi kidogo ndani yake.

Huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijaribu kuigeuza hesabu hiyo. Kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, yaani UNIDO, na washirika wengine, ilijenga mtambo uliozinduliwa mwaka 2008, uliotajwa kuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Rojo huingizwa katika matangi yaliyofungwa yasiyopitisha hewa. Humo vijidudu visivyohitaji oksijeni hulila na kutoa gesi ya methani. Gesi huendesha injini, injini huzungusha jenereta, na umeme hurudi kuendesha korona ileile iliyotoa rojo. Kinachobaki tangini hakina tena ukali wake wa kwanza, nacho kinafaa kurudishwa shambani kama mbolea. Umeme wenyewe haukuwa mwingi. Mtambo ulianza kwa kilowati 150. Lakini ndugu msomaji apime mambo mawili kwa pamoja: kilowati zilizopatikana, na rojo ambalo halikwenda mtoni. Wengi huhesabu la kwanza tu.

Mifano mingine ya nchini nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa kanuni yake ni ileile. Kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa Moshi, huchoma makapi ya miwa iliyokamuliwa, hupata mvuke na umeme wa kujiendesha, na ziada huuzwa TANESCO. Kilombero, tangu mwaka 2013, molasi inayobaki baada ya sukari kuganda hupelekwa katika mtambo wa kutengeneza spiriti. Njombe, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949, hukamua magome ili kupata dawa ya kulainishia ngozi. Magome yaliyokamuliwa na mabaki ya magogo huchomwa katika kituo cha umeme cha megawati 2.5 kilichoanza mwaka 1995, na sehemu ya umeme huo imekuwa ikiingia katika gridi. Jirani zetu wa Uganda nao, katika kiwanda cha saruji cha Hima wilayani Kasese, wamekuwa wakitia maganda ya kahawa katika tanuri mahali pa sehemu ya mafuta. Hapo kuna ujanja wa kupendeza: tanuri la saruji halibakizi hata majivu, kwa maana majivu ya maganda huungana na mawe yanayookwa na kuwa sehemu ya saruji yenyewe.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Magomeni na viunga vyake vimekuwa vikifanya mambo haya kabla hayajapata jina la kitaalamu. Mashine za Tandale na Manzese hukoboa mahindi usiku na mchana. Unga huenda madukani, na pumba hubebwa kwa magunia kwenda kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe. Mafundi seremala huuza maranda kwa wenye mabanda ya kuku, wayatandaze sakafuni. Mifupa kutoka machinjioni huchomwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Vijana wa mikokoteni hukusanya vyuma chakavu mtaa kwa mtaa, navyo huishia katika tanuri za viwanda vya nondo. Nyumba nyingi mpya za jiji hili zimesimama juu ya vipande vya magari na mabati ya zamani. Maboksi ya Kariakoo hufungwa mafungu na kurudi katika viwanda vya karatasi. Na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa jijini kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua machicha kutoka kiwanda cha bia cha Ilala.

Machicha hayo yanastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna masharti yote ya kufaana. Mtengeneza bia huloweka nafaka iliyooteshwa katika maji ya moto ili kuvuta sukari yake. Sukari ikishatoka, hubaki maganda yenye protini nyingi, chakula kizuri kwa ng'ombe wa maziwa. Lakini machicha yanapotoka kiwandani, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Maana yake ni kwamba anayeyasafirisha hulipia nauli ya maji, na kila kilomita inayoongezeka hupunguza faida. Tena, katika joto la Dar es Salaam, machicha mabichi huanza kuharibika ndani ya siku chache. Kwa hiyo mnunuzi lazima awe karibu, lazima aje kila siku au awe na namna ya kuyahifadhi, na kiwanda lazima kitoe mzigo bila kukatiza, kwa kuwa ng'ombe hawali kwa awamu. Kiwanda kikisimama kwa matengenezo wiki mbili, mfugaji hutaabika. Mfugaji asipokuja siku mbili, kiwanda kina mlima unaonuka uani. Uhusiano wao haufanani na wa duka na mteja. Unafanana zaidi na wa majirani wanaochota kisima kimoja.

Kuna sharti jingine lisilopendeza kulitaja. Kitu kilichokuwa bure, kikishapata mnunuzi mkubwa, huacha kuwa bure. Mwenye kuku ishirini uani kwake alikuwa akipewa pumba kwa shukrani tu. Siku kiwanda cha vyakula vya mifugo kinapoanza kununua kwa tani, yeye hubaki nje. Wanaosifu uchumi wa mabaki katika semina hawalisemi sana hili, na mimi naliona ni jambo ambalo Kanisa, lenye mafundisho yake juu ya haki ya maskini, halipaswi kulipita kimya.

Usafi wa mabaki ndio ugumu mkubwa kuliko yote. Pumba zilizotunzwa kwenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ng'ombe akilishwa pumba zenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hupita katika maziwa na kumfikia mtoto. Oili chafu ya gereji inaweza kuchomwa kama mafuta ya tanuri, lakini ikichomwa katika moto usiotosha, bila chujio la moshi, metali zilizomo hupanda angani na kushuka juu ya paa za watu. Basi kubadilishana mabaki kunaweza kuwa njia ya kusafisha mji, na kunaweza pia kuwa njia ya kuficha sumu ndani ya neno zuri.

Hili si jambo la kufikirika. Mombasa, katika makazi ya Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007. Kwa karatasi kilikuwa kiwanda cha kupigiwa mfano: kilichukua betri za magari zilizokwisha, kikatoa risasi ya kutengenezea betri mpya. Taka ya mmoja ilikuwa malighafi ya mwingine, na wakazi walipata ajira. Lakini moshi na majitaka vilitoka kiwandani na kuingia moja kwa moja katika nyumba zilizopakana nacho kwa ukuta tu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, naye akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata mama huyo akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shauri likapanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu. Risasi, ikishaingia katika mifupa ya mtoto, haitolewi kwa hukumu.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kiwanda fulani kitachukua taka za kiwanda kingine, yapo maswali ambayo mkazi wa kawaida anaruhusiwa kuyauliza bila kuwa mhandisi. Ndani ya mzigo huo mna nini hasa, na nani amepima? Unapita njia gani? Baada ya kutumiwa, hubaki nini, nacho huenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira ambayo wananchi husikilizwa ndani yake. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo linalosimamia utaratibu huo. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tangazo la mkutano wa namna hii hupita mara nyingi bila kutajwa, likizidiwa na michango ya harusi na ya ujenzi. Nadhani lingestahili dakika tano.

Injili ya Yohane, katika sura ya sita, inasimulia jinsi Bwana alivyowalisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili. Mahubiri yetu hukaa sana juu ya muujiza wa kuzidishwa kwa mikate. Lakini mara baada ya watu kushiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee chochote, nao wanajaza vikapu 12. Aliyeweza kuuzidisha mkate hakuuona mkate uliosalia kuwa duni. Na kwa jicho la mambo tunayoyajadili, kuna jambo dogo la kuongeza: vipande vilikusanywa palepale, siku ileile, na vikatiwa vikapuni. Havikuachwa hadi kesho vikanyagwe na kuchanganyika na mchanga.

Hilo la kuchanganyika ndilo linaloamua hatima ya taka za masoko yetu. Soko si kiwanda, lakini kwa wingi wa mabaki yake linafanana nacho. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, pamoja na masoko ya Magomeni, Tandale na Manzese, hutoa kila siku majani ya kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka na mabua ya mahindi mabichi. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni vitu vinavyooza. Vikizikwa ndani ya jalala lisilo na hewa hutoa methani, gesi ileile inayoendesha injini ya Hale, isipokuwa hapa hupotea angani na kuongeza joto la dunia, au huwaka na kuleta moshi ambao Tabata waliukimbilia mahakamani. Vikitandazwa kwa matuta na kugeuzwageuzwa vipate hewa, joto hupanda ndani ya tuta hadi kufikia nyuzi 60, vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu hufa, na baada ya majuma kadhaa hupatikana mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya. Wengine sasa huyalisha mabaki hayo funza wa nzi weusi, kisha funza hukaushwa wakawa chakula cha kuku na samaki mahali pa dagaa.

Manispaa ya Kinondoni, ambayo Magomeni imo ndani yake, ilijengewa mtambo wa mboji wa namna hii kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, mji uliofunga udugu na Dar es Salaam mwaka 2010. Ulikusudiwa hasa kupokea taka za masoko, na mahali uliposimamishwa ni Mabwepande, kata ileile ilikopelekwa familia zilizotolewa katika bonde la Msimbazi baada ya mafuriko. Mtambo wa mboji hauhitaji umeme mwingi wala mashine za ajabu. Unahitaji mzigo safi. Kabichi ikifika ikiwa kabichi, huingia kwenye tuta siku hiyohiyo. Ikifika imechanganywa na vipande vya chupa, nyembe, nepi na betri za redio, lazima watu wachambue kwa mikono, na betri moja iliyopasuka ndani ya tuta inaweza kuifanya mboji yote ya tuta hilo isifae kupelekwa katika bustani ya mboga. Mzigo usiochambulika hupakiwa tena katika lori na kuanza safari ya pili kuvuka jiji, kuelekea Pugu Kinyamwezi.